Mkopo wa kilimo ufuate mvua, si mwaka wa fedha

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na tunakiri mapema kwamba nafasi tunayoiomba si ndogo.

Kila halmashauri zetu tano za Dar es Salaam zinapotangaza mikopo ya vikundi vya vijana, mjadala mitaani, redioni na hata kwenye vikao vya madiwani huwa juu ya kiasi: zimetengwa ngapi, zimetolewa ngapi, zimerudi ngapi. Ni maswali halali. Ila kwa kijana anayelima, swali linaloamua kama mwakani bado atakuwa shambani ni la tarehe. Fedha ziliingia lini kwenye akaunti ya kikundi, na marejesho yalianza lini?

Milioni 10 zilizoingia Januari 10 na milioni 10 zilizoingia Aprili 20 si fedha sawa. Za kwanza zinalima. Za pili zinakuta mvua imeshakolea, trekta haliingii kwenye udongo uliolowa, mahindi ya jirani aliyepanda Machi yako magotini, na kikundi tayari kina ratiba ya marejesho mkononi. Kikundi kitapanda tu, kwa sababu fedha ipo na afisa anakuja kukagua. Mahindi ya siku 100 hadi 110 yaliyopandwa mwisho wa Aprili hutoa mbelewele katikati ya Juni, wakati masika ya ukanda wetu imeshafunga. Hapo hubaki mabua. Kwenye taarifa, kikundi hicho kitaandikwa kuwa "vijana hawarejeshi".

Sheria yenyewe haina tatizo. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa kanuni mpya. Bajeti ya Wizara ya Kilimo nayo ilipanda kutoka Sh bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi Sh bilioni 954 mwaka uliofuata, na mwaka 2024/25 ikavuka Sh trilioni 1.2. Benki Kuu mwaka 2021 ilifungua dirisha la Sh trilioni 1 kwa mabenki, kwa riba ya asilimia 3, ili yakopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Hakuna anayeweza kusema serikali imekaa kimya. Tatizo ni kwamba fedha hizi zinatembea kwa kalenda inayoanza Julai Mosi, na mche wa nyanya haujui Julai Mosi ni nini.

Tuhesabu kurudi nyuma. Ukanda wa Pwani una masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Shamba la masika husafishwa na kulimwa Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu. Kwa hiyo fedha iwe kwenye akaunti ya kikundi ifikapo Januari 10. Mikataba na mafunzo vifanyike Desemba, kamati ya halmashauri ikae Novemba, ngazi ya kata imalize uhakiki Oktoba, na fomu zipokelewe mwisho Septemba 15. Kwa vuli, fomu zifungwe Machi 31, kata ihakiki Aprili, halmashauri iamue Mei, na fedha itoke kabla vitabu havijafungwa Juni 30. Kiangazi cha Julai na Agosti ndio wakati mzuri wa kuchimba kisima na kutandaza mipira ya umwagiliaji, kwa sababu gari linafika na shimo halijai matope.

Kwa lugha ya bajeti: robo ya pili ya mwaka wa fedha iandae masika, robo ya nne iandae vuli. Halmashauri haihitaji sheria mpya kufanya hivi. Inahitaji kutenganisha foleni. Leo kikundi cha bodaboda, kikundi cha batiki na kikundi cha kilimo vinasubiri kwenye mstari mmoja na kuitwa siku moja. Pikipiki ikichelewa miezi miwili bado ni pikipiki. Mahindi yakichelewa miezi miwili ni malisho ya ng'ombe.

Kisha kuna kipindi cha neema, ule muda kati ya kupokea mkopo na rejesho la kwanza. Huu ukipangwa sawa kwa kila mradi, miezi mitatu kwa wote, tunawavunja miguu wakulima kwenye mstari wa kuanzia. Nyanya hukaa kitaluni siku 25 hadi 30. Baada ya kuhamishiwa shambani, tunda la kwanza linaloweza kwenda sokoni huchumwa siku ya 65 hadi ya 80. Jumlisha: siku 90 hadi 110 tangu mbegu iingie kwenye trei, na bado hujahesabu wiki tatu za kuandaa shamba. Rejesho la mwezi wa tatu linakuta nyanya ni za kijani. Kijana atalipa kwa fedha gani? Atalipa kwa ile aliyoiweka kwa ajili ya mbolea ya kukuzia na dawa, yaani anarejesha mkopo kwa kula mkopo, na shamba linalala na njaa wakati linabeba.

Kwa kuku wa mayai hali ni ngumu zaidi. Kuku huanza kutaga wiki ya 18 hadi ya 20. Hadi hapo kila mmoja amekula karibu kilo 7 za chakula. Kuku 500 ni tani tatu na nusu, mifuko 70 ya kilo 50, bila yai hata moja. Wakishaanza kutaga wanakula gramu 110 hadi 120 kwa siku kila mmoja, zaidi kidogo ya mfuko mmoja kwa siku kwa banda zima. Andiko la mradi linalotaja bei ya vifaranga, banda na chanjo bila mifuko hiyo 70 lingepaswa kurudishwa siku hiyohiyo. Mara nyingi linapita, na ndiyo maana tunaona mitetea ya wiki ya 12 ikiuzwa kwa bei ya kitoweo.

Muhogo ndio unaoonyesha vizuri zaidi jinsi ratiba moja isivyofaa wote. Ni zao la ukanda huu hasa, kuanzia Kisarawe na Mkuranga hadi viunga vya Chanika, na kituo cha Kibaha cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kimeufanyia kazi kwa miaka mingi; mbegu ya Kiroba, inayostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, inajulikana kwa wakulima wengi. Kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, ekari inataka pingili 4,000. Shina zuri la mita moja hutoa pingili nne hadi tano, kwa hiyo tafuta mashina kama 1,000 kutoka shamba lisilo na ugonjwa wa batobato wala michirizi. Mashina hayo hayangojei kamati ikae, maana yakikatwa na kuachwa juani hukauka, na kinachoota hapo ni nusu shamba. Mavuno ni miezi tisa hadi 12. Mwenye muhogo anahitaji kipindi cha neema cha mwaka mzima, na akipewa, anaweza kulipa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu muhogo mbichi wa futari hupata bei Ramadhani na mwezi huo unajulikana mapema. Husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Anayelenga Ramadhani ya Februari lazima awe amepanda masika iliyotangulia. (Mihogo ya kukaanga ya ufukweni Coco huliwa mwaka mzima, lakini huko hutapata bei ya futari.) Ukishang'olewa, muhogo huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu, kwa hiyo hata siku ya kung'oa lazima ifuate soko.

Mabenki nayo yana ugonjwa huohuo. Yanapenda marejesho ya kila mwezi kwa sababu wateja wao wengi hulipwa mshahara kila mwezi. Riba ya asilimia 9 yenye rejesho la kila mwezi inamuumiza mkulima wa msimu kuliko riba kubwa kidogo inayolipwa baada ya kuvuna. Mfuko wa udhamini ulio chini ya Benki ya Maendeleo ya Kilimo ungeweza kuweka sharti hili kwa kila benki inayoutumia: ratiba ya malipo iandikwe kwa zao.

Sasa maji, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi za vijana wa Dar es Salaam zinapozama.

Ekari ni mita za mraba 4,000, kwa makadirio. Zao la mboga lililofunika ardhi katika jua letu linakunywa kama milimita 5 kwa siku. Zidisha: mita za ujazo 20, yaani lita 20,000 kwa siku kwa ekari moja. Tanki la lita 5,000 lijazwe mara nne. Pampu ya sola yenye saa sita nzuri za jua itoe karibu lita 3,300 kwa saa kutoka kwenye kina halisi cha kisima, si kutoka kwenye kina kilichoandikwa kwenye kipeperushi cha muuzaji. Na kisima chenyewe kiweze kutoa kiasi hicho mfululizo bila kukauka. Hilo hupimwa kwa kuvuta maji saa kadhaa na kuangalia yanashuka kiasi gani na kurudi kwa kasi gani. Kuchimba na kutumia kisima kunataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kibali kiombwe kabla ya mkopo, maana nacho kina siku zake.

Mipira ya matone nayo ina hesabu yake. Mistari ikiachana mita 1.5, ekari inameza mita kama 2,670 za mpira. Tundu likiwa kila sentimita 30, ni matundu karibu 8,900, na kila tundu likitoa lita moja kwa saa, ukifungua shamba zima kwa pamoja unahitaji lita 8,900 kwa saa. Tanki la lita 5,000 linakauka kwa dakika 34, na mistari ya mwisho haijapata kitu. Dawa ni kugawa ekari vipande vinne, kila kimoja na koki yake, na kumwagilia kwa zamu. Tanki lililoinuliwa mita 2 lina presha ndogo sana, kwa hiyo mistari isizidi mita 20 hadi 30. Chujio liwekwe kabla ya koki ya kwanza, lisafishwe kila siku maji yakiwa na mchanga au kutu, na mwisho wa kila mstari ufunguliwe mara moja kwa wiki uteme uchafu. Seti nyingi zinazotelekezwa zimeziba tu, na aliyeziuza hakurudi kufundisha.

Kuhusu chumvi, shamba likiwa karibu na bahari, kuanzia Kimbiji na Pemba Mnazi hadi upande wa Bunju, usiamini ulimi. Kipima chumvi cha mkononi hutoa jibu kwa dakika moja. Chumvi ya maji ikizidi 0.7 dS/m (kizio kinachosomeka kwenye kipima hicho), maharage yanaanza kupungua mavuno. Kitunguu kwenye 0.8, pilipili hoho kwenye 1.0, kabichi kwenye 1.2, nyanya kwenye 1.7. Kisima kimoja kinaweza kuwa kitamu Mei na chumvi Januari, na kadiri unavyokivuta kwa nguvu ndivyo bahari inavyosogea. Kipimo kifanyike mwisho wa kiangazi. Kikundi chenye maji ya 1.5 hakikosi cha kulima. Kinakosa mtu wa kukiambia kilime nyanya badala ya kitunguu. Kipima hicho hakina bei ya kutisha, na kila ofisi ya kata yenye wakulima ingepaswa kuwa nacho. Halmashauri ikikataa kutoa shilingi moja ya mbegu kabla ya kuona majibu ya maji, itakuwa imeokoa fedha nyingi kuliko semina yoyote ya ujasiriamali.

Programu ya serikali ya kilimo kwa vijana, Jenga Kesho Iliyo Bora (BBT, kwa Kiingereza Building a Better Tomorrow), iliyozinduliwa Machi 2023, ilianza na wazo lililo sahihi: ardhi isafishwe, maji yafikishwe, ndipo kijana aingie. Kundi la kwanza la vijana 812 lilipita vituo atamizi, yaani vya mafunzo ya kilimo, kwa miezi minne, na mashamba ya pamoja yakaandaliwa Chinangali na Ndogowe mkoani Dodoma. Mpangilio huo, ardhi kwanza, kisha maji, kisha mtu, ndio tunaotaka uigwe na mikopo ya halmashauri, hata kwa ekari mbili. Wengi wa vijana wa jiji hili hawatapata nafasi kwenye mashamba makubwa. Wanakodi.

Na kukodi ni mtego. Mmiliki anapokea kodi ya msimu mmoja kwa maneno ya mdomo, kijana anang'oa visiki, analeta samadi, anachimba kisima kifupi. Msimu wa pili shamba limekuwa zuri, na mwenye shamba anakumbuka kwamba mwanawe anataka kulima, au linapimwa viwanja. Ukodishaji wa chini ya miaka mitatu usikubaliwe kwenye mradi wenye kisima au mipira. Mkataba uandikwe, upite kwa serikali ya mtaa au halmashauri ya kijiji, useme kilichojengwa kitalipwaje mkataba ukivunjwa, na kama shamba ni la urithi, warithi wote watie saini. Mfuko wa mkopo umlipe mmiliki kodi moja kwa moja, mwaka kwa mwaka. Mmiliki anayejua kwamba Januari ijayo kuna malipo ya uhakika hana haraka ya kumfukuza mtu.

Kabla ya saini hiyo ya mkataba, mtu achimbe aone udongo. Mchanga mtupu wa pwani haushiki maji wala mbolea, na bila samadi ya kutosha utakula mfuko wa urea bila kuonyesha alama. Aulize pia shamba lililimwa nini. Lililowahi kuwa na mnyauko wa bakteria halifai nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa, na hakuna dawa ya dukani inayoutibu. Kuutambua ni rahisi: kata shina la mche ulionyauka, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, tafuta shamba lingine. Aliyesaini miaka mitatu kwenye ekari yenye mnyauko amekodi kesi.

Kwa mbolea ya ruzuku tutakuwa wafupi. Ilipoanza Agosti 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea uliuzwa Sh 70,000 kwa aliyesajiliwa, na unafuu huo ulikuwa mkubwa. Tatizo la kijana ni daftari la usajili wa wakulima. Anayekodi hukuta ekari ileile imeshaandikishwa kwa jina la mwenye shamba anayekaa Sinza. Mkataba wa kukodi ungepaswa kutosha kumwandikisha mlimaji, na jina la mmiliki lisimame kwa muda wa mkataba. Pia mifuko midogo ya kilo 5, 10 na 25 iliyofungwa kiwandani ifike madukani kwa ruzuku ileile. Mwenye robo ekari ya mchicha hahitaji kilo 50, na mbolea inayopimwa kutoka mfuko uliofunguliwa imeshanyonya unyevu, na haijulikani imechanganywa na nini.

Ugani umepata pikipiki. Ziligawiwa mwaka 2022. Kinachokosekana ni ratiba inayofuata zao. Kantangaze, yule nondo wa nyanya aliyeingia nchini miaka kumi na kitu iliyopita, hasubiri ziara ya robo mwaka. Mitego ya harufu itundikwe wiki miche inapohamishwa, na inapoanza kukamata nondo wengi ndipo hatua ichukuliwe, kabla funza hajaingia ndani ya jani. Kosa linalorudiwa ni kubadilisha jina la chupa bila kubadilisha kundi la kiuatilifu. Chupa tatu za rangi tatu kutoka duka moja zinaweza kuwa na sumu ileile ndani, na mdudu akishaizoea, zote tatu ni maji. Afisa ugani anayesoma kiambato kwenye lebo pamoja na mkulima, mara nne kwa msimu kwa siku zilizopangwa tangu mwanzo, ana thamani kuliko anayefika mara 12 kupiga picha ya kikundi.

Kuna na suala la mipaka. Kikundi kinasajiliwa Ubungo au Temeke, shamba liko Mkuranga, Kibaha au Rufiji, kwa sababu ndiko kuliko na ardhi ya kukodi. Afisa wa Ubungo hawezi kuvuka mkoa kila wiki, na wa Mkuranga hana kumbukumbu ya kikundi hicho. Halmashauri za Dar es Salaam na za Pwani ziandikiane makubaliano mafupi: ukaguzi ufanywe na afisa ugani wa kata lilipo shamba, saini yake itambuliwe na anayekopesha, na nauli yake itoke kwenye mfuko wa mikopo.

Saini hiyohiyo itumike kufungua mkopo kwa awamu. Awamu ya kwanza itoke baada ya mkataba wa shamba na majibu ya maji. Ya pili, ya mbolea na dawa, itoke kitalu kikionekana kimeota. Ya tatu itoke wiki tatu kabla ya kuvuna, kwa ajili ya makreti na usafiri, ili mkulima asikope kwa dalali. Tunajua hatari yake: awamu ikisubiri kikao, zao linakufa. Ndiyo maana tunasema saini ya afisa na picha ya shamba vitoshe, na fedha itoke ndani ya siku tano za kazi.

Kikundi cha watano nacho kisilazimishwe kulima shamba moja. Watano kwenye pampu moja, kibali kimoja na gari moja la kwenda sokoni, sawa. Watano kwenye tuta moja, anayepalilia na asiyepalilia wanagawana sawa, na ugomvi huanza siku ya kwanza ya kuchuma. Kila mmoja awe na kipande chake na daftari lake, wadhaminiane kwa pamoja.

Sokoni, halmashauri inayokopesha ndiyo mara nyingi inayokusanya ushuru wa soko, na hapo ndipo mkopo wake unapomwagika. Sheria ya Vipimo, Sura 340, inakataza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na bado kuna mizigo inayoshushwa alfajiri Mabibo, Temeke Stereo na Buguruni ikiwa imevimba juu kama kichuguu. Nyanya zinauzwa kwa tenga, na tenga halina kilo. Dalali anachukua kamisheni iliyo wazi, kisha anachukua cha juu asichokijua mwenye mali. Mizani mlangoni, bei ya siku ikiandikwa ubaoni kwa kilo, na stakabadhi yenye jina la dalali: hivyo vitatu vingerudisha sehemu ya mkopo bila barua moja ya kudai deni. Maofisa wa vizuizi nao wakumbushwe kwamba tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru wa mazao. Kirikuu ya mboga haifiki huko.

Na vijana waambiwe ukweli kuhusu bei. Kiangazi kila mtu ana nyanya, mali inadoda na tenga linauzwa kwa bei ya kurudishia nauli. Bei hupanda masika, mvua inapoozesha mashamba ya bondeni na barabara zinapokatika. Anayetaka bei hiyo anahitaji shamba la mwinuko lisilotuamisha maji, matuta marefu, nguzo za kushikilia miche na dawa ya ukungu kwa ratiba. Gharama ni kubwa, na andiko la mradi liionyeshe. Bonde la Msimbazi halimo katika hesabu hii. Kukopesha zao la miezi minne kwenye ardhi inayofurika kila masika ni kumtega kijana.

Tukifika msimu wa pili, ndipo wengi wanapoondoka. Kikundi kimerejesha mkopo wote, kimebaki na mipira, pampu na ujuzi, hakina mtaji. Kinaomba upya, na kinarudishwa mkiani mwa foleni pamoja na ambao hawajawahi kushika jembe. Miezi sita au minane inapita. Kodi ya shamba inakwisha, wawili wanakwenda kuendesha bodaboda, mipira inakatwa na panya. Tunapendekeza kikundi kilichorejesha robo tatu ya mkopo, chenye daftari la mauzo lililokaguliwa, kijaze fomu ya ukurasa mmoja na kupangiwa msimu unaofuata kabla hakijamaliza deni, ili siku rejesho la mwisho linapoingia, mkopo wa pili uwe umeshapitishwa. Na kilichoanguka kwa mafuriko au ukame uliothibitishwa na afisa ugani kisogezewe marejesho hadi mavuno yajayo. Kukipeleka mahakamani hakuzalishi nyanya.

Wakurugenzi wa halmashauri zetu tano hawahitaji kusubiri kanuni nyingine ili watenganishe foleni ya kilimo. Tangazo la vikundi vya masika likibandikwa kwenye mbao za kata Agosti, fomu zitakuwa mezani kwa afisa maendeleo ya jamii Septemba 15, na trekta litaingia shambani udongo ukiwa bado mkavu.

Wataalamu wa kilimo na mikopo ya vikundi,
Dar es Salaam